Fomu za sensa ya 1948 hazifunguliwi, lakini babu yako aliandikwa kwingine

Dada wa Kisumu uliyeuliza kama kuna mahali unaweza kuona fomu za sensa ya 1948 ili umpate babu yako na watu wa boma lake: hakuna. Nakwambia mapema usije ukapoteza nauli kama mimi. Sheria ya Takwimu ya Kenya ya 2006 inazuia kutoa habari za sensa zinazomtambulisha mtu, na kinachotoka kwa umma ni majedwali tu, lokesheni hii ina wanaume kadhaa na wanawake kadhaa. Mimi nilizungushwa na ofisi moja mara tatu. Mara ya kwanza mhusika yuko mkutanoni, mara ya pili niandike barua, mara ya tatu barua haionekani. Kumbe jibu lilikuwa la dakika moja.

Umesema shemeji yako wa Marekani alimpata babu yake kwa simu akiwa kitandani. Ni kweli, kwao kuna kanuni ya kufunga fomu kwa miaka 72: sensa ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, bure, jina kwa jina. Uingereza wanangoja miaka 100, kwa hiyo ya 1921 ya England na Wales ilitoka Januari 2022. Na wao wana mapengo yao. Sensa ya England na Wales ya 1931 iliteketea kwa moto Desemba 1942, na ile ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921.

Niliwahi kuiona hiyo ya 1921 kwa macho yangu. Mzee mmoja Mwingereza alikuja Njoro, huku Nakuru, kutafuta shamba walilolima watu wake, nami nikawa namwonyesha njia. Alitoa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye tovuti: mwandiko wa babu yake mwenyewe, majina ya watoto kwa umri, kazi yake, hata jina la mwajiri. Nikamwambia babu yangu naye alikuwa kibarua kwenye mashamba hayo hayo. Akaniuliza, "Na yeye aliandikwa wapi?" Swali lile lilinikaa rohoni miaka miwili.

Ukitafuta jibu lake, anza na hili. Kabla ya 1948 serikali ya kikoloni hapa Kenya ilifanya sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931, na zote zilihusu Wazungu, Wahindi na wengine wasio Waafrika. Sisi tulikadiriwa kwa vibanda. Kodi ya kibanda ilipoingia mwanzoni mwa karne, karani alihesabu nyumba, akazidisha, akapata "idadi ya wenyeji". Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Fikiria hapo: nyanya zetu ndio waliokuwa na hizo nyumba, wakahesabiwa kama paa la nyasi na jina likaandikwa la mume. Ndiyo maana nasema usitafute sensa. Tafuta mahali ambapo mtu alikuwa na faida kwa anayeandika: kodi, kazi, kanisa, ardhi.

Kazi kwanza. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha mwanamume Mwafrika, kilianza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza, na kila mwanamume aliyetoka kwenye lokesheni yake alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Wazee wengi walivitupa kwa hasira, na siwalaumu. Cha babu nilikipata chini kabisa ya sanduku la mbao la nyanya, kimefungwa kwenye leso iliyopauka. Kifuniko kilikataa kufunguka mpaka shangazi akakipaka mafuta ya kupikia. Karatasi ya ndani ilikuwa imekunjwa mara nne na mikunjo imetoboka, lakini alama za vidole zilisomeka, jina la chifu wake lilisomeka, na tarehe mbili za kuanza na kuacha kazi. Jina la babu lilikosewa herufi mbili. Kwa miaka miwili nilikuwa natafuta jina sahihi, na ndilo lililonipotezea muda. Andika kila namna karani Mzungu, Mhindi au Mganda angeweza kulisikia: L badala ya R, B badala ya V, jina la babake likisimama kama la kwanza.

Kama babu yenu alikuwa skwota huku Nakuru, yaani kibarua aliyekaa kwenye shamba la Mzungu, jua kwamba sheria ya 1918 ilimtaka mkaazi wa shambani afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na mikataba ilithibitishwa mbele ya afisa. Faili za wilaya ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi. Kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Alama ya faili za wilaya ya Nakuru ni DC/NKU, ya mkoa wa Nyanza ni PC/NZA. Usiulize "Vihiga" au "Siaya", hayo ni majina ya wilaya za baadaye. Katika karatasi za kabla ya 1948 ni Kavirondo ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini, kisha ndipo wilaya hizo zikaitwa Nyanza ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Nilikaa siku nzima nikitafuta Mumias kwenye orodha, kumbe imo ndani ya Kavirondo ya Kaskazini. Ripoti za mwaka zitakupa machifu, njaa, nzige, ugomvi wa mipaka, wala si jina la mtu wa kawaida. Ila zitakusaidia kujua tarehe. Nyanya alikuwa akisema mjomba wake alizaliwa "wakati wa dhahabu ya Kakamega". Hiyo ni 1931 na 1932. Makarani wa sensa wenyewe walitumia orodha za matukio kama hayo kukadiria umri wa wazee.

Sasa kanisa, maana huko ndiko nilikopata kitu chenyewe. Uliza kwanza walikuwa dhehebu gani. Ukoo ukiwa wa Friends (Quaker), waliofika Kaimosi 1902, usiende kuomba daftari la ubatizo, kwa sababu Friends hawabatizi kwa maji. Uliza orodha za waumini. Maseno walianza 1906 chini ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, hivyo Waanglikana wa upande huo waanzie hapo. Wakatoliki ndio wenye bahati. Daftari lao linaandika mtoto, baba, mama, mdhamini na padre, halafu mtu akioa au akiolewa, tarehe inaongezwa pembeni kwenye jina lake la ubatizo.

Kwenye parokia moja ya magharibi karani alinikatalia kabisa mpaka nilipoleta barua ya padre wa kwetu. Padre yule wa kwetu alinipigia simu mwenyewe kuuliza nataka nini, nikamweleza, akacheka, akaandika mistari minne. Niliporudi, karani alilitandaza daftari mezani, akaniwekea rula ili nisiguse maandishi. Kilatini kitupu. Nilisoma majina tu. Mstari wa kumi na kitu ulikuwa na nyanya: jina lake la nyumbani, la ubatizo, la baba yake, na la mama yake, ambalo hakuna mtu aliye hai katika ukoo wetu aliyewahi kulisikia. Pembeni, kwa wino tofauti, ndoa yake na babu. Mdhamini alikuwa mwanamke ambaye tulimjua kama jirani tu. Nilimpigia shangazi pale pale barabarani, akakata simu, akapiga tena baada ya nusu saa.

Ardhi ni fupi. Ukijua namba ya shamba la ukoo, usiishie kufanya sachi, yaani kuomba ofisi ya ardhi ikuangalizie mmiliki, maana hiyo inakuonyesha mwenye shamba wa leo tu. Omba nakala iliyoidhinishwa ya kadi ya kijani, ile yenye orodha ya wamiliki tangu mwanzo. Mtu namba moja kwenye kadi ndiye aliyeandikwa shamba lilipopimwa. Kwetu alikuwa kaka ya babu, na hapo ndipo tulipojua kwa nini babu alibaki Njoro.

Wewe hukusema babu yako alikuwa wa kanisa gani wala lokesheni gani. Waulize wazee jina la chifu wa wakati ule, hata wakilikumbuka nusu, na uliweke hapa chini. Nina orodha ya faili za PC/NZA niliyoinakili kwa mkono, nitakuangalizia.