Usiitazame kona, tazama ukuta

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana tunaocheza nao Go, mchezo wa ubao, hapa Ngamiani, Tanga, ni hili: "Kaka, niingie kona sasa au nisubiri?" Wanauliza mchezo ukiendelea, mpinzani amekaa pale pale anasikia. Kwenye baraza la bao la wazee ungeshaambiwa unyanyuke uwapishe wenye akili. Jibu langu huwa ni lile lile: kona achana nayo kwanza, niambie ukuta utakaobaki nje utaangalia wapi.

Kwa asiyeujua mchezo, ubao una mistari 19 kwa 19, kwa hiyo makutano 361. Nyeusi inaanza, mnaweka kete moja moja kwa zamu, na kete ikishatua haisogezwi, labda izungukwe itolewe. Mwenye eneo kubwa mwishoni ndiye mshindi. Ubao wetu ni plaiwudi iliyochorwa kwa rula, na kete zetu ni vifungo vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani, vyeusi na vyeupe. Mashati mangapi ya Tanga yametembea kifua wazi kwa ajili yetu, sijui.

Sababu ya kukimbilia kona ni hesabu tu. Ukitaka kuzungushia makutano tisa, tatu kwa tatu, katikati ya ubao unahitaji kete 12. Pembeni, ukingo ukikusaidia upande mmoja, kete tisa. Kwenye kona, kingo mbili zikikusaidia, sita zinatosha. Ndiyo maana kona tupu ikiwepo mwanzoni mwa mchezo, hakuna mjadala: weka kete hapo. Wala si huko ninakosema usubiri.

Mjadala unaanza pale ambapo kona tayari ina mwenyewe, na mwenyewe ameweka kete kwenye nyota, yaani mstari wa nne kwa mstari wa nne. Kete ya nyota iko juu juu. Inatazama pande zote mbili, ila mlango wa nyuma haujafungwa: pale tatu-tatu, yaani mstari wa tatu kwa mstari wa tatu, chini yake, unaweza kuingia, na kama hajaongeza kete karibu, utaishi. Huo uhakika ndio unaowapoteza vijana. Mtu akijua kitu kinawezekana, anakifanya hapo hapo.

Mwenye kucheza bao anajua kwamba kete ya mwisho ikitua nyumbani, lile shimo kuu, si lazima uende safari, yaani uzitawanye kete zake. Unaangalia kwanza upande wa pili kuna nini, na nyumba ikivunjwa haijengeki tena. Kuingia kona kunataka subira ya namna hiyo hiyo.

Tuseme kona ni ya juu kulia. Yeye ana nyeusi kwenye nyota, wewe una nyeupe. Unaweka tatu-tatu. Yeye anazuia upande mmoja, wewe unapenya upande wa pili, anakubana, mnapeana kete chache zaidi, mwisho unabaki ndani na pointi 10 hivi, wakati mwingine pungufu. Yeye anabaki nje na kete zilizopangana kama ukuta, hazina pointi hata moja. Ukihesabu haraka unaona umemwibia. Lakini ukuta ule utafanya kazi mchezo mzima: utamsaidia kupata eneo, au utazifukuza kete zako zitakazopita mbele yake.

Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakizingatii: upande wa kuzuia anachagua yeye. Akizuia upande wa juu, ukuta unaangalia kushoto, sehemu ya juu ya ubao. Akizuia upande wa kulia, ukuta unaangalia chini. Kwa hiyo swali ni kama katika pande hizo mbili kuna hata mmoja unaomfaa. Ukiwepo, atauchukua huo huo, asikwambie mtu.

Sasa weka kete mbili zaidi ubaoni, moja katikati ya upande wa juu, nyingine katikati ya upande wa kulia, kisha badilisha rangi zake uone.

Zote mbili zikiwa nyeupe, yaani zako, na zimetulia hazina wasiwasi, ingia. Azuie juu, ukuta wake unagongana na kete yako. Azuie kulia, vile vile. Amejenga ukuta unaoangalia nyumba ya watu. Hali hii ni nzuri kiasi kwamba huna hata haraka, unaweza kwenda kwingine kwanza ukarudi baadaye.

Ya juu ikiwa nyeusi na ya kulia ikiwa yako, usiingie. Atazuia juu, ukuta utaangalia kete yake mwenyewe iliyokaa kwa umbali mzuri, na upande wote wa juu unaanza kuwa wake. Umechukua pointi 10 ukamjengea zaidi ya hizo. Hapa ikaribie kona kutoka nje, upande wa kulia ulipo na kete yako, umwache aamue. Hii ndiyo hali ninayoiona ikiharibiwa mara nyingi, kwa sababu tatu-tatu ipo wazi na mkono unawasha.

Zote mbili zikiwa nyeusi, jibu linawashangaza wengi: ingia. Akili inakwambia uogope kwa sababu pande zote ni zake. Lakini fikiria ungekaribia kutoka nje. Kete yako ingetua katikati ya kete zake tatu, bila nafasi ya kutandaza miguu, ikawa ya kukimbizwa. Ndani ya kona angalau kuna nafasi ya macho mawili, yaani matundu mawili tupu yaliyozungukwa na kete zako, na kundi lenye macho mawili haliuawi. Tena akizuia upande mmoja, wewe unatambaa chini ya kete yake ya upande mwingine, na ile aliyoitegemea inapungua thamani.

Kama tayari ameweka kete nyingine karibu kabisa na nyota, hesabu nyingine kabisa inaanza. Mvamizi huweza kupata ko, yaani pigano la kutoana kete moja moja kwa kurudiana, au kufa kabisa, kutegemea kete zilivyokaa. Hapo usiingie kwa mazoea, soma hatua hadi mwisho.

Nimesema huna haraka ukuta ukiwa hauna faida. Lakini mlango una siku yake ya kufungwa. Akiweka yeye kete tatu-tatu au karibu nayo, ya kwako umeikosa na yeye kapata yake, kwa hiyo hesabu thamani ya hatua hiyo mara mbili. Mimi huingia pale ninapoona hatua nyingine zilizobaki ubaoni zimeanza kuwa ndogo kuliko hiyo. Kabla ya hapo, kona iliyo wazi inamnyima raha mwenyewe hata bila mimi kuigusa.

Vijana wanaoangalia michezo kwenye simu watanipinga, na wana hoja. Machi 2016, mjini Seoul, programu ya kompyuta ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, michezo minne kwa mmoja. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2017 toleo lake jipya likashinda michezo 60 dhidi ya mabingwa kwenye intaneti, na moja ya mambo yaliyowaacha watu midomo wazi ni kuingia tatu-tatu mapema mno, ubao ukiwa bado mtupu. Walimu walikuwa wamefundisha kinyume kwa miaka mingi. Leo mabingwa wenyewe wanaingia mapema.

Sawa. Ila tazama mashine inafanya nini baada ya kuingia. Zamani mvamizi alimalizia kwa kupinda kwenye mstari wa pili, akazuiwa, kisha akaunga kete yake. Alipata utulivu, na mpinzani akapata ukuta usio na tundu. Mashine mara nyingi inaziacha hatua hizo. Inaondoka na zamu mkononi, ukuta ukiwa bado na sehemu za kukatwa, na inajua jinsi ya kuzitumia baadaye. Kijana wetu anaingia mapema kama mashine, halafu anapinda na kuunga kama zamani. Anachukua hasara za pande zote mbili. Kama huwezi kuliacha tundu la mpinzani bila kuliziba kwa mkono wako, usiingie mapema.

Kuna njia nyingine ya kumaliza habari ya kona: kuiweka tatu-tatu wewe mwenyewe ikiwa bado tupu. Mwaka 1933 Go Seigen, kijana wa miaka 19, alimfungulia hivyo Honinbo Shusai, bingwa mkuu wa Japani, katika zama ambazo shule ya Honinbo iliichukulia hatua hiyo kama mwiko. Alipoteza kwa pointi mbili, lakini watu bado wanaujadili mchezo ule. Kona inakuwa yako kwa kete moja na unaondoka. Hasara yake ni kwamba uko chini, na mpinzani akikugandamiza kutoka juu huna pa kutokea kirahisi. Mimi naitumia nikiwa na ukuta wa mtu mwingine jirani ninaotaka kuuzima.

Na siku ukiingiliwa wewe, usikasirike. Zuia upande wenye nafasi pana na kete yako kwa mbali, mwache achukue zile pointi zake, na usimfuate ndani kutafuta kumuua. Anaishi huyo. Wewe geukia nje mapema, kabla hajatumia zamu yake kukusogelea mbele ya ukuta.