Naogopa leba kuliko uchungu wenyewe

SWALI: Habari za kazi, nesi. Mimba yangu ya kwanza ina wiki 33. Dada yangu alipojifungua hospitalini alipimwa njia mara nyingi na watu tofauti, asielezwe lolote. Nawaza nijifungulie nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mdogo wangu. Hofu yako ina msingi, lakini nyumbani usithubutu. Damu ikikutoka kwa wingi baada ya kuzaa unaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na dripu, damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji viko hospitalini.

Kuhusu kupimwa njia, yaani kuingizwa vidole ukeni kuona mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani: uchungu ukienda vizuri, Shirika la Afya Duniani linashauri kila baada ya saa 4 tangu njia ifikie sentimita 5. Kupimapima ovyo, hasa chupa ikishapasuka, kunaingiza vijidudu. Akija mtu wa pili muda mfupi baada ya wa kwanza, muulize: "Unapima kwa sababu gani?" Huenda ipo, kwa mfano mapigo ya mtoto yameshuka. Mpimaji ajitambulishe, aombe ruhusa, avute pazia, akuachie khanga mapajani, angoje uchungu upite ndipo aingize vidole viwili, kisha akwambie umefikia sentimita ngapi. Ukisema "subiri", asubiri. Mwanafunzi unaweza kumkatalia, na huduma yako isipungue kwa hilo.

Mapigo ya mtoto usikatae kusikilizwa. Ni kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 ukianza kusukuma. Hayaumi, na ndiyo yanayotuonyesha mtoto akianza kuchoka.

La pili ni msindikizaji, na hili nalisisitiza kuliko yote. Hofu kali huongeza adrenalini mwilini, nayo inaweza kufifisha uchungu ukakaa leba muda mrefu. Kabla ya wiki 36 uliza kliniki kama leba yao inaruhusu mtu. Penye vitanda vilivyotengwa kwa pazia tu, wanaume huzuiwa mara nyingi. Andaa mama, dada au wifi, asiwe mtu wa kupaniki. Mpe kazi: akunyweshe maji kidogo kidogo, akukandamize kiuno kwa kisigino cha kiganja kila uchungu unapopanda, akuinue utembee, amwite mkunga. Chati ya leba ya Shirika hilo ya mwaka 2020 ina mahali pa kuandika kama una msindikizaji, kama unakunywa na umekaa mkao gani. Si upendeleo unaouomba.

Ukipokelewa tu, sema mapema mawili: usiongezewe njia kwa kukatwa ukeni bila kuelezwa sababu na kupigwa ganzi, na mtu asikukandamize tumbo kumsukuma mtoto, kwani mfuko wa uzazi unaweza kuchanika.

Ukitokwa damu, ukiona maji ya kijani, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda saa hiyo hiyo hata kama wifi hajafika.