Mwanasiasa apewe kiti, maikrofoni ibaki kwa mtangazaji

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mtangazaji wa kujitolea katika redio ndogo ya jamii huku Kaunti ya Kilifi. Tangu watu waanze kujipanga kwa uchaguzi wa Agosti 2027, wanaotaka uwakilishi wadi hawaishi mlangoni petu. Mmoja anataka saa nzima kila Jumamosi jioni aongee apendavyo, na ameahidi kutununulia mafuta ya jenereta. Meneja anasema tumfungulie, na wengine wakitaka nao waje, redio ni ya wananchi wote. Roho yangu inakataa lakini hoja sina. Tuwape wanasiasa uwanja wazi, au tuwafungie kabisa?
*Mtangazaji, Kilifi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiwafungie. Mtu anayetaka kukaa miaka mitano katika bunge la kaunti akipitisha bajeti yenu lazima asikike, aulizwe, na watu waijue sauti yake anapobanwa. Lakini saa nzima ya kuongea apendavyo si haki ya yeyote, hata awe gavana. Mpe kiti, maikrofoni ushike wewe.

Meneja wako anaamini kuwafungulia wote ndio usawa. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya simu ya kipindi cha siasa, na nakwambia uwanja wazi huishia kuwa wa mwenye pesa. Mwenye gari hufika kila wiki. Mama muuza samaki anayegombea kwa chama kidogo hana nauli ya kufika studio, na siku akifika hana vijana wa kumpigia simu. Jioni moja walipiga watu watatu wakifuatana, kila mmoja na jina lake na kijiji chake, wote wakimmiminia sifa mheshimiwa aliyekuwa kitini. Nyuma ya sauti zote tatu nilisikia mashine moja ya kusaga mahindi, inakwama, inakohoa, inaanza tena. Walikuwa wamesimama mlango mmoja, wakipokezana simu. Aliyekuwa nyumbani na redio yake hakuligundua hilo, alijua tu kwamba wadi nzima imeridhika. Tangu siku ile tukaweka daftari mezani: nambari, jina, kijiji, na aliyepiga wiki hii hapigi tena hadi wengine wapate nafasi. Anzeni na daftari hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa jambo linaloninyima usingizi kila uchaguzi unapokaribia. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100, Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilivitaja vituo vya lugha za mama miongoni mwa waliochochea chuki. Mtangazaji wa Kass FM, kituo cha Kikalenjin, Joshua arap Sang, alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague pamoja na William Ruto. Kesi yao ilivunjwa Aprili 2016 bila hatia kuthibitishwa, na ni haki tuseme hivyo kila tunapomtaja. Lakini liangalie hilo ukiwa mtangazaji: aliyekaa kizimbani kando ya mwanasiasa alikuwa mtu wa maikrofoni. Na mwisho wa Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa vituo vyote, walioteleza na waliokuwa waangalifu, tena wakati ambao wananchi walihitaji habari kuliko chakula. Wakati huohuo kulikuwa na redio kama Pamoja FM ya Kibera, redio ndogo kama yenu, iliyotumia hewa yake kutuliza majirani. Kwa hiyo udogo wa kituo si kisingizio.

Sisi wa Pwani wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Likoni, hapo Mombasa, Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao. Huku Kilifi moto wetu uko kwenye ardhi. Mgombea ana kila haki ya kusema maskwota wamekaa vizazi bila hati, na nakuomba umwache aseme kwa uchungu wote. Akianza kusema “waliochukua mashamba yenu mnakutana nao sokoni”, hapo ameacha kuzungumzia ardhi, anakuonyesha jirani. Usingoje amalize sentensi. Mwambie, “Mheshimiwa, taja shamba na nambari ya hati, au tuingie swali linalofuata.” Akirudia, weka muziki. Katiba yetu, Ibara ya 33, inayolinda uhuru wa kujieleza, ndiyo hiyohiyo inayosema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi na matamshi ya chuki. Na kama wapigaji simu wenu wanaongea Kigiriama, anayeshika kitufe cha kukata awe anakijua Kigiriama cha mafumbo pia, cha wazee. Kijana aliyekulia mjini hatakamata kitu mpaka maneno yawe yameshafika Ganze.

Sasa maswali yenyewe. Hapa ndipo redio nyingi zinalala, na ndipo ningetaka mtumie nguvu zenu. Kabla mgombea hajaketi, soma Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Chekechea ni za kaunti, vyuo vya ufundi vya vijijini pia, na masoko, na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko kwa serikali kuu. Sasa msikilize mgombea wako wa Jumamosi: nina hakika ataahidi madarasa ya sekondari na barabara kuu ya lami. Muulize atazitoa kwa mamlaka gani. Kisha muulize kuhusu zahanati ya karibu, taja jina lake, na uwe umeshakwenda mwenyewe kuuliza dawa gani zilikosekana mwezi uliopita. Kama ni mwakilishi anayetetea kiti, swali ni moja tu la kuanzia: makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30, mwaka jana uliitetea wadi hii kwa lipi? Kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha na kuisimamia serikali ya kaunti. Basari na matanki ya maji aliyoyapiga picha hayamwondolei swali hilo.

Dakika ishirini kwa kila mgombea zinatosha, zote sawa, na tarehe zipangwe kwa kuchota karatasi mbele ya kamati ya redio, wagombea wote wakialikwa kwa barua ileile.

Mafuta ya jenereta myakatae. Najua giza la studio na najua nyinyi mnajitolea bila mshahara, lakini mtu aliyewasha taa zenu hamtaweza kumkata akiteleza. Akitaka kununua muda, aununue kama tangazo, kwa bei iliyobandikwa mlangoni, apewe risiti, na msikilizaji aambiwe mwanzo na mwisho kwamba hili limelipiwa. Bahasha ya “nauli” anayokutilia mfukoni wewe binafsi, irudishe mbele ya mwenzako mmoja, siku ileile.

SWALI: Mama, huku kwetu Mombasa wakubwa hualikwa kwenye midahalo na hawaji, ndiposa redio zinawapa masharti rahisi ili wakubali. Si afadhali aje aongee peke yake kuliko asije kabisa?
*Msikilizaji, Kisauni*

JIBU: Hapana. Mwaka 2013 wagombea urais wote wanane walisimama kwenye jukwaa moja Nairobi, tukaona kwamba inawezekana. Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Julai 2022 Raila ndiye aliyekataa, Ruto akabaki na waandishi. Mara zote mbili mdahalo uliendelea, aliyefika aliulizwa maswali magumu vilevile, na nchi nzima ikaona nafasi iliyobaki wazi. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Ukimlegezea masharti mmoja kwa sababu ni mkubwa, aliyekubali kuulizwa umemwadhibu kwa uungwana wake.

Asiyefika, soma hewani maswali aliyokuwa aulizwe, moja baada ya jingine, bila kejeli na bila kuyajibu kwa niaba yake. Kisha tangaza kwamba barua ya mwaliko bado ipo, kwa dakika zilezile ishirini.