Re: Chumvi au tope kavu, jangwa gani linafaa kwa rekodi ya spidi?

Mkuu umeuliza kwa nini wanaosaka rekodi ya spidi ya gari ardhini wasiende tu Bonneville, ile tambarare ya chumvi ya Utah, Marekani, kila mara, jibu ni magurudumu. Gari likishapita spidi fulani tairi za mpira hazihimili, zinapasuka, kwa hiyo ThrustSSC, gari la Uingereza lenye injini za ndege, ilifungwa magurudumu ya alumini tupu, na gurudumu la metali juu ya chumvi ngumu linateleza. Inatakiwa tope la ziwa lililokauka, linabonyea kidogo gurudumu linapata pa kushika, ndo maana 1997 dereva wake Andy Green alienda Black Rock, Nevada, akapiga kama 1,228 km/h, akavunja kizuizi cha sauti hukohuko ardhini!

Halafu uso kuwa tambarare peke yake haitoshi, mvua lazima ifurike kila mwaka kisha ikauke, maji ndo yanasawazisha uso upya, ila ikinyesha wakati mbaya umeisha, muulize Donald Campbell, dereva Mwingereza, mvua ya Lake Eyre, ziwa kavu la chumvi Australia, ilimharibia 1963 akarudi 1964.

Urefu nao usidharau, kusimama kunakula kilomita nyingi. Na mawe sasa! Hakskeen Pan, ziwa kavu la Afrika Kusini, wenyeji waliokota maelfu ya tani kwa mikono ndo Bloodhound, gari lingine la Uingereza la kusaka rekodi, ikakimbia 2019, mi hao ndo nawapa medali kabla ya dereva.