Maswali na Majibu: Grafu za Cacti Zimekataa Kuchora

Swali: Chuoni kwetu tumeweka Cacti, programu ya kuchora grafu za mtandao, kwenye seva ya Ubuntu ili tuone matumizi ya intaneti kwenye ruta moja na swichi nne. Kurasa zinafunguka vizuri kwenye kivinjari na vifaa vyote tumeviongeza, lakini kila grafu ni fremu tupu, na chini yake imeandikwa "nan". Tumekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: "nan" maana yake hakuna namba iliyopatikana. Kama grafu ni mpya, subirini dakika 10 kwanza. Cacti husoma kifaa kila baada ya dakika 5, na spidi hupatikana kwa kutoa usomaji wa kwanza kwenye wa pili, hivyo usomaji mmoja hauchori kitu. Robo saa ikipita bila mstari, ifuateni namba kuanzia kifaani kuja hadi kwenye picha. Msianze kwa kufuta Cacti na kuiweka upya. Kosa mara nyingi haliko huko.

Mkiwa kwenye seva, kiulizeni kifaa kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutolea takwimu zake. Andikeni `snmpwalk -v2c -c NENO 192.168.10.1 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6`, mkiweka neno lenu la komyuniti (neno la siri la SNMP lililowekwa kwenye kifaa) na anwani ya ruta yenu. Tumetumia tarakimu makusudi, kwa sababu Ubuntu haiji na mafaili ya MIB, yanayotafsiri majina kuwa tarakimu, na ukiandika jina badala ya tarakimu utapewa kosa lisilohusiana na tatizo lako. Jibu likiwa "Timeout", msikimbilie kebo. Kwa toleo la 2c la SNMP, kifaa kikipewa neno la komyuniti lisilo sahihi hunyamaza kabisa, hakisemi "umekosea". Kwa hiyo hakikisheni herufi za neno hilo, kisha kwamba SNMP imewashwa (kwenye MikroTik ni `/snmp set enabled=yes`), kisha kwamba ukuta wa moto unaruhusu UDP poti 161 kutoka kwenye seva.

Namba zikija, geukieni poller.php, programu inayokusanya takwimu. Iendesheni kwa mkono:

`sudo -u www-data php /var/www/html/cacti/poller.php --force`

Hapa ndipo wengi huanguka. Huiendesha mara ya kwanza wakiwa root (msimamizi mkuu wa seva), mafaili ya .rrd yanayohifadhi takwimu yanazaliwa yakiwa mali ya root, na tangu hapo www-data, akaunti inayoendesha Cacti, haiwezi kuyaandika. Rekebisheni kwa `chown -R www-data:www-data` kwenye folda za rra na log. Ikifanya kazi kwa mkono lakini peke yake haifanyi, tazameni faili la /etc/cron.d/cacti, la cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Liwe na mstari huu:

`*/5 * * * * www-data php /var/www/html/cacti/poller.php > /dev/null 2>&1`

Jina www-data lazima liwepo kwenye mafaili ya cron.d, ni kwenye `crontab -e` tu ndipo haliandikwi.

PHP nayo ina mafaili mawili ya php.ini, moja la apache2 na jingine la cli. Poller inasoma la cli, la programu zinazoendeshwa kwa amri. Wekeni yote mawili sawa: `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam`, `memory_limit = 400M`, `max_execution_time = 60`. Mwisho fungueni log/cacti.log, mtafute mstari wa SYSTEM STATS. RRDsProcessed ikisoma 0, hakuna kilichoandikwa kwenye diski, na huo ndio ushahidi wenu.

Swali: Laini yetu ni ya megabiti 200. Grafu hupanda hadi karibu 114, kisha huporomoka ghafla, ilhali watumiaji hawajapungua. Mtoa huduma anatupunja? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Kwa dalili hiyo, msimlaumu bado. Ifikirieni mita ya maji: ikijaa tisa zote inarudi sifuri. Kaunta ya biti 32 hujaa kwenye baiti 4,294,967,296. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde 300 za kila usomaji, unapata megabiti 114.5 kwa sekunde. Ukivuka hapo, kaunta imezunguka zaidi ya mara moja kati ya usomaji mmoja na mwingine, na RRDtool, programu inayoiandikia Cacti mafaili ya .rrd, haina njia ya kujua. Megabiti 150 za kweli zitaonekana kama 35.

Dawa ni kaunta za biti 64. Kwenye ukurasa wa kifaa badilisheni SNMP iwe toleo la 2, kwani la 1 halibebi biti 64. Kisha tengenezeni grafu mpya kwa aina yenye maandishi 64-bit Counters. Ile ya zamani haitajirekebisha. Iacheni kwa kumbukumbu.

Ikiwa grafu mpya nayo inakatika na kuacha pengo kila matumizi yakipanda, hilo ni kosa jingine: kikomo cha juu kilichoandikwa ndani ya faili la .rrd ni kidogo, na kila kinachokizidi hutupwa. Kubadilisha kiolezo cha grafu ndani ya Cacti hakugusi faili lililokwisha kuundwa. Kwa poti ya gigabiti 1:

`rrdtool tune faili.rrd -a traffic_in:125000000 -a traffic_out:125000000`

Namba hizo ni baiti, si biti.

Swali: Naweza kuifungua Cacti kwenye intaneti ili niitazame nikiwa nyumbani? – Msomaji, Tanga

Jibu: Tunakusihi usifanye hivyo. Mwaka 2022 ulitangazwa udhaifu CVE-2022-46169, uliomwezesha mtu asiye na nywila kuendesha amri kwenye seva yenye Cacti 1.2.22, ulizibwa kwenye 1.2.23. Weka VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali), uingie kupitia humo, na nywila ya mwanzo ya admin isibaki hata siku moja.