Doha nyuzi 37 walimaliza, Tanga nyuzi 32 tunaanguka, kwa nini?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nipo Makorora, kijiweni kwetu tunafatilia sana mbio za baiskeli na juzi tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kuna mwenzetu anasema mashindano ya dunia ya Doha 2016 yalikuwa nyuzi 37 jangwani na bado watu walimaliza kilomita 257, sasa sisi hapa Tanga Februari nyuzi 32 tu vijana wanaanguka njiani, basi anasema sisi ni legelege. Mi nakataa ila sina cha kumjibu. Na hao wakubwa wanaangalia nini mpaka waseme joto limezidi? Nauliza kwa sababu tuna mbio yetu ya kwenda Pangani na kurudi mwezi huohuo na mi ndo nimepewa kuiandaa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vijana wako sio legelege hata kidogo. Mwenzako anasoma joto la hewa kivulini, lakini mwili wa mtu anayenyonga baiskeli unajali zaidi kama jasho lake linakauka au halikauki, mengine yote yanafata hapo.

Iko hivi. Nguvu anayochoma mtu akinyonga, kama robo tu ndo inafika kwenye mnyororo, zilizobaki zote zinageuka joto ndani ya mwili, yaani kijana anayetoa wati 250 kwenye pedali anazalisha joto la wati kama 750, karibu na pasi ya umeme, na anakaa nayo masaa. Hilo joto linatoka hasa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka kwenye fremu halijakupoza chochote, umepoteza maji na chumvi bure. Sasa Doha mchana ule hewa ilikuwa kavu, jasho likitoka tu linaruka. Hapa kwetu Februari unajua mwenyewe, unaanika kanga asubuhi mpaka adhuhuri bado ina unyevu, na ngozi yako ni hivyohivyo.

Ndo maana wakubwa hawatumii kipimajoto kimoja. Chama cha baiskeli duniani, UCI, tangu 2024 kina utaratibu unaotumia kipimo kinaitwa WBGT, kinachanganya vitu vitatu: kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi kinabeba asilimia 70, kilichowekwa ndani ya tufe jeusi juani asilimia 20, na cha kawaida asilimia 10 tu. Ikivuka 28 ni rangi nyekundu, hapo waandaaji, madaktari na wawakilishi wa waendeshaji wanakaa wanaamua, kusogeza muda, kukata njia au kufuta kabisa. Tupige hesabu. Doha tuseme hewa 37, unyevu asilimia 25, kitambaa kibichi kitasoma kama 22, tufe jeusi tuliweke 48, unapata 28.7. Tanga hewa 32, unyevu asilimia 70, kitambaa kibichi kinasoma 27, tufe tuliweke 45, unapata 31.1. Kampelekee hiyo kijiweni, Tanga imeipita Doha na kipimajoto cha simu kinaonyesha tofauti ya nyuzi tano upande mwingine.

Na asidhani Doha walikwenda kwa raha. Watafiti waliwamezesha waendeshaji 40 vidonge vyenye kipimajoto, robo yao walivuka nyuzi 40 ndani ya mwili na mmoja akafika 41.5. Siku ile Peter Sagan aliposhinda mbele ya Mark Cavendish na Tom Boonen, upepo wa pembeni jangwani ulishakata kundi vipande zamani.

Kuhusu upepo nisikilize vizuri kwa sababu njia yako ina mtego. Februari ni kaskazi, nyie mnaelekea kusini, kwahiyo kwenda mtasukumwa mgongoni. Kila mtu atajisikia mwepesi, ila ukienda kilomita 30 kwa saa na upepo nyuma yako ni 20, ngozi inapata upepo wa 10 tu, jasho halikauki na kijana anaendelea kukaza kwa sababu mwendo ni mzuri. Wanaiva wakienda halafu wanaanguka wakirudi, watu wanalaumu upepo wa mbele. Kituo chako kikubwa cha maji na barafu kiweke Pangani kabla hawajageuza, na wote wasimame.

Pia wajizoeshe. Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto lenyewe ndo unaanza kutoa jasho mapema na kupunguza chumvi ndani yake. Wanaofanya mazoezi alfajiri tu, hata wakiwa wamezaliwa Makorora, jua la saa sita linawakuta wageni. Maji anywe kwa kiu, asijilazimishe lita kwa lita, maji matupu mengi yanashusha chumvi ya damu na hiyo nayo inaua. Dafu ni zuri ila chumvi yake ndogo, tia kidogo. Apime uzito kabla na baada ya mazoezi, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho.

Mwisho hili usilisahau. Mbio moja ya mtaani nilikuwa pembeni ya soko la samaki, kijana akaanza kuyumba, akashuka kwenye baiskeli akiiacha inaendelea peke yake. Nikamuuliza anakaa mtaa gani akanijibu "Jumatano". Wenzake wakasema ni uchovu, mbona jasho linamtoka, wakaita bajaji. Jasho kumtoka sio dalili kwamba yuko salama, mtu akianza kuongea ovyo kwenye joto ubongo ushaguswa na kila dakika ina bei. Tulimzamisha kwenye diaba la kuwekea samaki na barafu mpaka kifuani, mtu mmoja kashika kichwa kisizame. Baada ya muda akaanza kutetemeka, akalitaja jina la mama yake, tena sawasawa, ndo tukampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Poza kwanza, safirisha baadae.

Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, diaba mawili, barafu za kutosha, na mtu wa kuuliza maswali kila kituo. Ukishapata tarehe niandikie, nitakuja na kipimo changu.