Ubunifu wa ajabu si lazima uwe pambo tu

Umeuliza kama umbo la ajabu huwa ni pambo tu lisilo na kazi. Jibu langu ni kwamba inategemea ajabu hiyo imetokana na nini. Jengo la Centre Pompidou, kituo cha sanaa na utamaduni mjini Paris, lililobuniwa na Renzo Piano na Richard Rogers na kufunguliwa mwaka 1977, lina mabomba, nguzo na ngazi za umeme upande wa nje, na rangi zake zina maana: buluu ni ya hewa, kijani ya maji, manjano ya umeme, na nyekundu ya njia za watu kama vile lifti. Vitu hivyo vilitolewa nje ili kumbi za ndani zibaki wazi na ziweze kupangwa upya kwa kila maonyesho, ingawa ni kweli kwamba chuma kilichoachwa kwenye mvua hudai matunzo mengi. Kinyume chake ni Juicy Salif, kifaa cha kukamulia malimau alichokibuni Philippe Starck kwa kampuni ya Alessi mwaka 1990: kina miguu mitatu mirefu, kinapendeza mno, lakini hakina chujio, hivyo mbegu huangukia moja kwa moja kwenye glasi.